Theluji na Deni la "Tutaona"

Swali ni hili, na unaruhusiwa kucheka kwanza: familia ya Ruiru yenye watoto wawili, mkopo wa sacco unaokatwa kila mwezi, na jamaa ishirini na kitu kwenye grupu la WhatsApp, ina haki ya kuweka akiba ili watoto wakajifunze kuteleza kwa skii? Siulizi kama wanaweza. Wakijibana mwaka mzima, wanaweza. Nauliza kama ni sawa.

Familia yenyewe ni ya dada yangu mkubwa. Wanakaa Membley. Mtoto wa kwanza ana miaka tisa, wa pili ana sita. Mimi nakaa Thika, naandikia watu vitu vyao kwa malipo, na kwa kuwa katika ukoo wetu mtu mwenye laptopu ndiye mtaalamu wa kila kitu, kazi ya kupanga safari iliniangukia. "Wewe si ndio unajua hizi vitu," dada alisema, na hapo mjadala ukaisha. Mpwa wangu mdogo aliniuliza swali moja tu: "Anko, theluji inauma?" Nimesoma kurasa nyingi tangu siku hiyo na sijaona swali zuri kuliko hilo.

Basi nikaanza kupiga hesabu. Ulaya ndiko kila mtu hufikiria kwanza: Austria, Uswisi, Ufaransa, milima ya Alpi. Lakini kabla hujaiona Alpi unaiona meza ya viza. Tangu Juni 2024 ombi la viza ya Schengen ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka sita hadi kumi na mmoja, na pesa hiyo hairudi hata ukinyimwa. Dubai iko karibu zaidi, kama saa tano za ndege. Huko, ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, kuna Ski Dubai, iliyofunguliwa 2005: theluji ya kutengenezwa ndani ya ukumbi unaopozwa hadi chini ya sifuri, huku nje jua la jangwa likichoma lami. Mteremko mrefu zaidi humo ni kama mita 400.

Halafu kuna Lesotho. Hapa ndipo watu wa mtaa huniangalia kana kwamba nimeanza kuvuta vitu. Lesotho, hapa hapa Afrika, ina kituo cha skii kinachoitwa Afriski, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Msimu wake ni Juni hadi Agosti, na watoto wetu hufunga shule Agosti. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza kwa ziara fupi ya Afrika Kusini, kwa hivyo unashuka Johannesburg na kumalizia safari kwa barabara, ukishahakikisha masharti ya mpaka wa Lesotho na kubeba vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Watoto wanaoanza nao wana utaratibu wao. Usijifanye mwalimu, lipia mwalimu. Buti, skii na helmeti hukodishwa palepale, hakuna haja ya kununua kitu kitakachovaliwa mara moja kisha kikae chini ya kitanda. Nguo ya ndani isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikilowa jasho hubaki na baridi mwilini. Beba glavu zisizopitisha maji, miwani, na mafuta ya kujikinga na jua, maana theluji hurudisha miale usoni kama kioo. Somo la nusu siku linatosha. Nusu ya pili ni ya kuchoka na kulia. Bima ya safari itaje skii waziwazi, kwa kuwa bima nyingi za kawaida haziigusi. Na somo la kwanza kabisa linahusu kuanguka: unaanguka kwa ubavu, unainuka, unaanguka tena. La pili ni kusimama: unaleta ncha za mbele za skii karibu na kutanua nyuma, zinakaa kama kipande cha piza, na mtoto huambiwa hivyo hivyo, "Piza!" Lishike hilo la kuanguka, nitalihitaji mbele.

Kupanga ni rahisi. Kilichonisumbua ni haki.

Kelele ya kwanza ilitoka kwenye grupu. "Hizo ni mambo za wazungu," binamu mmoja aliandika, na emoji za kucheka zikafuata kama mvua ya Aprili. Hoja hii ni nyepesi, lakini watu wengi wazima wanaishi ndani yake, kwa hivyo tuijibu kwa heshima. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na kilele cheupe. Alimuuliza kiongozi wake ile nyeupe ni nini, na yule bwana, ambaye hakuwa na jina lake, akajibu tu kwamba ni baridi. Mwaka uliofuata Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa upande wa Kitui, nao ukiwa na nyeupe yake. Habari zilipofika Uingereza, wapo wasomi wa jiografia waliozikataa kwa miaka. Theluji kwenye ikweta? Haiwezekani. Unaona mzaha uliopo hapo? Watu wa kwanza kutangaza kwamba theluji si ya huku walikuwa wamekaa London na hawajawahi kukanyaga huku. Sisi ndio tulioumeza uamuzi wao na kuuita utamaduni.

Ilhali Wakikuyu wa miteremko ya Kirinyaga waliiita ile nyeupe ya kileleni ira, kama wanavyoita udongo mweupe. Kiswahili nacho, lugha ya pwani yenye joto na minazi, kilijiwekea maneno mawili, barafu kutoka Kiajemi na theluji kutoka Kiarabu. Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka upande wa Eldoret, aliiona theluji kwa mara ya kwanza 1996 alipopelekwa Finland kufundishwa skii, na miaka miwili baadaye alikuwa kwenye Olimpiki ya Nagano. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi 1998, akakulia Austria, na 2018 akateremka kwa bendera ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang. Kwa hivyo "si yetu" haisimami. Mara nyingi tukisema kitu si chetu tunamaanisha kwamba ni ghali. Ni bei iliyovaa nguo za utamaduni.

Sawa, tuzungumze bei basi. Hapa ndipo pagumu.

Mwaka 1972 mwanafalsafa Mwaustralia, Peter Singer, alichapisha hoja ambayo haijawahi kunipa usingizi mzuri. Ukipita kando ya dimbwi ukaona mtoto mdogo anazama, utaingia majini hata kama nguo zako zitajaa matope. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema nguo ni muhimu kuliko mtoto. Basi, anauliza, kwa nini umbali ubadilishe kitu? Kama kuna mtu anayeumia mbali na wewe, na unaweza kumsaidia bila kupoteza chochote cha uzito unaokaribiana na maumivu yake, una wajibu ule ule. Singer aliandika akiwafikiria wakimbizi wa Bengal Mashariki. Sisi hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Dimbwi letu liko kwenye simu, linaingia kila wiki na namba ya paybill: mtoto wa fulani amerudishwa nyumbani kwa ada, mama ya fulani amelazwa, kuna mazishi Murang'a.

Ukiichukua hoja hiyo mzima mzima, skii imekufa. Lakini pia keki ya kuzaliwa imekufa, viatu vya pili vimekufa, nyama choma ya Jumapili imekufa, na hata ukibaki na ugali na sukuma utahojiwa kuhusu mafuta uliyokaangia. Watu wengi wakifika hapo hucheka na kuondoka: hoja inayodai kila kitu haidai chochote. Mimi siliamini jibu hilo. Linamtoka mtu aliyeshiba.

Nina sababu ya kutoliamini. Niliacha chuo mwaka wa pili. Salio la ada lilikuwa Sh43,000, na bila kulimaliza hakuna kuingia chumba cha mtihani. Mama alimwendea mjomba wangu, mtu mwenye biashara inayoeleweka hapa Thika. Alimkuta, akapewa chai, akaeleza. Mjomba hakukataa. Alisema, "Tutaona." Wiki tatu baadaye picha zikaanza kuingia kwenye grupu: mjomba, mkewe na watoto, wamevaa makoti ya kukodi, mekundu na bluu, ndani ya theluji ile ile ya Dubai. Mtihani wangu ulikuwa unaanza Jumatatu.

Ni rahisi kusema kosa lake lilikuwa safari. Nimelitafuta kosa hapo kwa makini, na silioni. Pesa ilikuwa jasho lake. Watoto walikuwa wake na walifurahi, na furaha yao haikunipunguzia chochote. Kama wangebaki nyumbani wakitazama katuni, salio langu lingebaki Sh43,000 vilevile. Zaidi ya yote, hakuwa ameahidi.

Hilo la ahadi lina uzito. Immanuel Kant aligawanya wajibu mara mbili. Kuna wajibu usio na nafasi ya kujadiliwa, kama kutotoa ahadi ya uongo. Halafu kuna wajibu wenye nafasi, kama kuwasaidia wengine: lazima uwe mtu anayesaidia, lakini unayo nafasi ya kuchagua nani, lini, na kiasi gani. Kiswahili kilikuwa kimeshafupisha habari yote kwa maneno matatu: ahadi ni deni. Msemo hausemi msaada ni deni. Unasema ahadi. Mjomba angekuwa ameahidi halafu akapanda ndege, hapo ningekuwa na kesi hata mbele ya wazee. Hakuahidi.

Lakini alisema "tutaona". Na kadiri ninavyolitazama neno hili ndivyo ninavyoona kwamba kosa limejificha humo.

Lipasue kidogo. Tu-ta-ona. Ni sisi, lakini katika hiyo "sisi" hakuna mtu mmoja aliyepewa kazi. Ni wakati ujao, lakini hauna tarehe. Ni kuona, lakini kuona nini? Neno hili humpa anayelisema heshima ya kutokataa, na humpa anayelisikia gharama ya kusubiri. Kwa wiki tatu Mama hakwenda kwa chama chake. Hakumpigia ndugu yake wa Juja. Hakuomba chuo nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Hakufanya uzembe, kulikuwa na mlango mmoja ulioachwa wazi kidogo, na mtu mwenye adabu hagongi milango mingine huku mmoja ukiwa bado unaonyesha mwanga. Mlango uliofungwa hukuambia nenda kwingine. Ulioachwa wazi kidogo hukuweka kibarazani mpaka usiku.

Najua utasema nini, kwa sababu nimejiambia mwenyewe. Utasema hiyo ni adabu yetu. Huku hatumtupii mtu mzima "hapana" usoni, hasa dada yako aliyekuja kwako amevaa leso yake nzuri. "Tutaona" ni hapana iliyofunikwa kwa kitambaa, na kila mtu anajua kilicho chini. Ni kweli kwa kiasi. Ukimwalika mtu harusi Mombasa akasema "tutaona", unajua hatakuja na hakuna aliyeumia. Lakini adabu hii hufanya kazi pale wote wawili wako huru kuielewa. Mtu mwenye shida hayuko huru hivyo. Yeye hasikii kitambaa, anasikia matumaini, kwa sababu matumaini ndiyo aliyokuja kutafuta. Anayelisema neno hilo mbele ya mtu wa namna hiyo anajua litasikika vipi. Ndiyo maana siliiti adabu.

Na ndiyo maana picha ziliuma. Picha zile zilikuwa jibu la Mama, lililomfikia bila kutamkwa, pamoja na watu wengine ishirini.

Kwa hivyo nilimpa dada sharti moja kabla sijamtumia hesabu ya mwisho. Sikumwambia aisaidie dunia yote kwanza, kwa sababu hiyo ni njia nyingine ya kusema asiende kamwe. Nilimwambia aorodheshe kila "tutaona" aliyowahi kusema ambayo bado ina mtu kibarazani. Tulikaa jikoni kwake, tukaandika nyuma ya risiti ya supamaketi. Zilikuwa nne. Dada wa kazi alikuwa ameomba mshahara wa miezi miwili mapema ili amalizie paa kwao. Mama mkwe alikuwa ametaja tangi la maji. Shangazi mmoja alitaka kuongezewa mtaji wa duka. Binamu alikuwa anaanza sekondari na hana sare wala godoro.

Mbili zikawa ndiyo, zenye tarehe: paa na sare. Mbili zikawa hapana. Shemeji alimpigia mama yake mwenyewe, kwa upole, akamweleza tangi halitawezekana mwaka huu wala mwaka ujao. Dada akaenda kwa shangazi ana kwa ana. Aliniambia baadaye kwamba zile hapana mbili zilimtoa jasho kuliko ndiyo mbili, na ndiyo zilikuwa za pesa taslimu. Shangazi alinuna. Wiki mbili hakujibu salamu za grupu. Wiki ya tatu tukasikia amechukua mkopo kwenye chama chake na friji ya soda imeshafika dukani. Angeweza kuuchukua miezi minane mapema. Alikuwa anasubiri.

Sisemi hii inamaliza hoja ya Singer. Bado kuna watoto kwenye madimbwi ambao dada hakuwahi kuwaambia chochote, na ndiyo zake mbili haziwafikii. Ninachosema ni kwamba kuna mpangilio. Kwanza zinakuja ahadi. Pili zinakuja nusu ahadi, ambazo lazima zigeuzwe kuwa ndiyo au hapana. Tatu unakuja ukarimu, unaopaswa kuwepo katika maisha ya mtu kila mwaka, wa kiasi kinachomgusa. Baada ya hapo ndipo unaweza kuuliza kuhusu theluji bila kujificha.

Sasa ukishafika kwenye theluji, unampeleka nani hasa?

Hili ni swali la tatu, na wazazi hawalipendi. Mtoto wa miaka sita hakuomba Lesotho. Aliona katuni. Ukimwambia mnaenda kuona twiga wa plastiki Thika atafurahi karibu kiasi kile kile. Basi pengine safari ni ya mzazi: ya picha, ya kuweza kusema "tulipokuwa tunaski", ya kuwafikia majirani wa ile kota ya pili yenye geti la umeme. Kama ni hivyo, mtoto ni kisingizio, na si vizuri kumfanya mtoto kisingizio, hata akiwa anacheka.

Nadhani kuna kitu theluji inaweza kumpa mtoto wa Ruiru ambacho hakipati kwa urahisi, na wala si theluji yenyewe. Rudi Nagano, Februari 1998, mbio za kilomita 10. Mnorwe Bjørn Dæhlie, mmoja wa wakali wakubwa wa mchezo huo, alishinda. Philip Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, dakika 20 baadaye. Dæhlie hakwenda zake kuchukua medali. Alisimama kwenye mstari wa mwisho akamngoja, akamkumbatia. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Kuna mtoto wa Kikalenjin mwenye jina la Mnorwe kwa sababu wa kwanza alimngoja wa mwisho.

Sasa mtazame mtoto wetu. Mitaala imebadilika majina, lakini akirudi nyumbani bado anaulizwa, "Ulikuwa namba ngapi?" Kuwa wa mwisho ni aibu inayotangazwa. Na mtu anayemuuliza, mzazi, ni mtu ambaye mtoto hajawahi kumwona akiwa mwanafunzi. Kwetu mzazi hujua. Anajua njia, anajua bei, anajua kwa nini umekosea. Watoto wengi wa huku hukua bila kumwona mama yao akijaribu kitu hadharani na kukishindwa, kisha akajaribu tena huku akicheka.

Kwenye theluji dada yangu hajui chochote. Atavaa buti zinazombana kama deni, atasimama, ataanguka kwa ubavu kama alivyofundishwa, na kuna uwezekano mkubwa yule wa miaka sita, mwepesi na asiye na hofu, atamtangulia. Mtoto atageuka na kusema, "Mum, fanya piza!" Kwa dakika hiyo nyumba imepinduka: mdogo anajua, mkubwa anajifunza, na hakuna aliyekufa kwa aibu. Hicho ndicho kitu. Kwa hivyo sharti la pili nililompa dada ni kwamba yeye na shemeji walipie somo pia. Shemeji alikuwa amepanga kukaa kwenye mkahawa na kahawa yake akirekodi. Nikamwambia kwa heshima yote, shemeji, kama mpango ni huo, pesa hiyo nunua tangi la mama.

Mjanja hapo atanikamata. Atasema: kama kitu chenyewe ni kujifunza pamoja, mbona mwende mpaka Maluti? Mabwawa ya kuogelea yako Thika na Ruiru, kwa bei ya nauli na chipsi. Dada yako amekulia mji uliolala kati ya mito miwili, Chania na Thika, na hajui kuogelea. Mpeleke huko.

Ni kweli tupu, na tumefanya hivyo. Kwa Jumamosi nne dada ameingia upande wa maji mafupi pamoja na watoto, ameshika lile boya la povu, mtoto wa miaka tisa akimpigia kelele, "Usikunje magoti!" Imefanya kazi. Somo lote nililolisifu hapo juu limepatikana bila pasipoti.

Je, hoja yangu imejiua? Imekufa nusu, na nusu iliyokufa ilistahili kufa. Watu wa tabaka letu, lile linaloishi mshahara mmoja tu mbali na kurudi tulikotoka, tumejizoesha kutoruhusu furaha bila cheti. Mtoto haendi tu baharini, anaenda "kufunguliwa macho". Hachezi tu chesi, "anajenga akili". Hata starehe lazima ionekane kama karo. Bwawa limetuondolea kisingizio: kama unataka somo, somo liko hapa kwa bei ya chipsi. Kinachobaki cha kwenda kutafuta Lesotho ni furaha peke yake, baridi ya ajabu usoni, mlima mzima mweupe, watoto wakipiga mayowe. Dada anaitaka. Ni haki aseme hivyo, anaitaka, bila kuivalisha sare ya shule. Furaha iliyokuja baada ya madeni haihitaji wakili.

Nayo haihitaji kufichwa. Dada aliniuliza kama asitume picha kwenye grupu, kwa kuogopa maneno. Nikamwambia atume. Picha huumiza pale zinapokuwa ndizo jibu. Zikija baada ya jibu, ni picha tu. Binamu atatupa emoji zake na maisha yataendelea.

Limebaki jambo moja ambalo sina ushindi nalo. Asubuhi za Januari, kabla ya saa moja, anga ikiwa safi, ukisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya Thika Road unaweza kuuona Mlima Kenya, mdogo na mkali, kaskazini. Ile nyeupe yake inaisha. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya kwamba barafu za milima mitatu ya Afrika Mashariki, yaani Kenya, Kilimanjaro na Rwenzori, zinaelekea kutoweka kabisa ifikapo miaka ya 2040, na kwamba ya Mlima Kenya inatarajiwa kutangulia. Barafu ya Lewis, iliyopimwa tangu 1934, imebaki kipande cha ilivyokuwa. Watoto wa dada yangu huenda wakawa kizazi cha mwisho kuiona. Na sisi tunapanga kuchoma mafuta ya ndege ili kwenda kucheza kwenye theluji ya nchi nyingine.

Siwezi kusema ndege moja si kitu. Wala siwezi kusema familia ya Membley ndiyo iliyoyeyusha Kirinyaga. Hesabu hiyo ina wenyewe, wengi wao wakiwa nchi ambako skii ni jambo la kila mwaka. Ninachoweza kusema ni kwamba kuna heshima ya kufuata. Safari iwe moja, isiwe desturi. Iwe ya karibu kadiri inavyowezekana, ndiyo maana Maluti kabla ya Alpi. Na kabla ya theluji ya kukodi, watoto waonyeshwe ya kwao. Januari hii tutaamka saa kumi na moja, tupande juu ya daraja na chupa ya chai, wamwone mzee akiwa bado na mvi zake. Hiyo ni bure, na haina bima ya kusoma.

Safari yenyewe ni Agosti ya mwaka ujao, kama akiba ya sacco haitaguswa. Paa la dada wa kazi limeshaezekwa. Binamu ana godoro. Na mimi sijawahi kuzungumza na mjomba kuhusu zile wiki tatu. Tukikutana kwenye harusi au matanga, jinsi tunavyokutana siku hizi, sitamuuliza alitumia pesa ngapi Dubai, wala kama watoto walijifunza piza. Nitamsalimu vizuri, nimketishe kando, nimuulize jambo moja: mjomba, siku ile Mama alipokuja kwako, ulikuwa unajua jibu?